Wote Wawili Ukutani

Kila alfajiri, kabla hajavaa viatu, mpiga pasi hulirudisha blanketi kitandani upesi upesi, kama anayefunika chungu kisipoe, akalibana kwa mto. Joto alilolala nalo humwachia mumewe. Mume ni mlinzi wa ghala, hukesha kazini; mke hunyoosha mashuka ya hoteli mchana kutwa. Hupishana ngazini, huyu akipanda, yule akishuka.

"Chai imo kwenye chupa. Usiimalize kama jana."

"Jana uliimaliza wewe, bibie, ukanisingizia mimi."

Basi kila mmoja hushika njia yake. Ndivyo walivyoishi tangu waoane, na kitanda chao hakijui kupoa.

Nchi hii ni ya mume. Mke alikuja ugenini, na kibali chake cha kuishi humu kimesimama juu ya ndoa hiyo. Kilipokaribia kwisha waliomba kuongezewa muda, wakaitwa kuhojiwa. Dada mdogo wa mume alikwenda nao kama shahidi wa ndoa. Aliruhusiwa kukaa kiti cha nyuma, ila asitie neno, naye si mtu wa maneno tangu hapo.

Afisa aliwahoji mmoja mmoja, mume kwanza. Nani hupika, nani hukoroma, mama mkwe anaumwa nini. Kote walijibu sawasawa. Kisha likaja swali la kitanda: wewe hulala upande gani?

"Ukutani," mume alikuwa amesema.

"Ukutani," akasema mke.

Afisa akaweka kalamu chini. "Wote wawili ukutani. Mnapangwa kama mashuka kabatini?"

Mwenzake wa meza ya pili akacheka. Mpiga pasi hakucheka.

"Upande wa dirishani springi imetoboa godoro, bwana. Halafu sisi tunalala kwa zamu, yeye mchana, mimi usiku. Siku tukilala pamoja, anayewahi ndiye wa ukutani."

"Mama, nimeuliza upande. Sikuuliza habari za godoro."

Akaandika kwamba majibu hayalingani na ndoa ina mashaka. Warudi wiki ijayo wahojiwe upya; asiporidhika, mke afungashe virago.

Wifi mdogo alitoka pale na hasira. Watu wawili wametamka neno moja, na mtu mzima mwenye kiti cha kuzunguka anaandika kuwa hawalingani. Wapo wanaolala mgongo kwa mgongo, hawajasemezana mwaka wa pili huu. Hao mmoja atajibu kushoto, mwingine kulia, na muhuri utapigwa. Wanaoachiana joto ndio matapeli. Na mashuka ya hoteli, ambayo maafisa hao hao hulalia wakienda semina, wanadhani yanajinyoosha yenyewe?

Nyumbani kwa mama mkwe ushauri ulikuwa umeshaiva.

"Mkwe wangu, sema dirishani yaishe," alisema mama. "Uongo wa godoro haujamfunga mtu."

"Afadhali nigeuze mimi," mume akadakia. "Mimi ni mwenyeji, hawana pa kunifukuzia."

"Ukigeuza, watasema la kwanza lilikuwa uongo," mkewe akamjibu.

"Na nisipogeuza watakufukuza wewe. Mimi nibaki nalinda nini?"

Mama mkwe alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema huyo afisa hakika hajaoa, au ameoa na analala sebuleni. Mume alicheka kidogo, kisha akainamisha kichwa kwa sababu kicheko kilikuwa kinageuka kitu kingine.

Mpiga pasi aliinuka kukusanya vikombe. Wifi mdogo akamfuata jikoni, akashika kitambaa, akasimama naye kwenye sinki. Alitaka kumwambia mengi: kwamba amesoma sheria yote ya vibali, kwamba hakuna kifungu kinachotaja kitanda, kwamba kumdhalilisha mtu hivi ni aibu ya nchi nzima, naye ni mmoja wa wenye nchi. Likatoka moja tu.

"Wifi, sasa wakikuuliza tena utajibuje?"

Mpiga pasi alisuuza kikombe, akampa akifute.

"Ukutani," alisema. "Ndiko ninakolala."