Lori la Baba Mkwe Haliishi Kutengenezwa

Admin, jina langu lifiche, ila mji wa nyumbani unaweza kuuacha. Lubumbashi ni kubwa, hawatanijua. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, naishi hapa Brussels, mtaa wa Molenbeek, na kazi yangu imekuwa kuhudumia wazee wa Kizungu katika nyumba yao ya malezi. Nina mume. Hanywi, hanipigi, hana mwanamke wa nje. Ana lori. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Baba mkwe alikuwa dereva maisha yake yote, akiendesha malori ya watu kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Mume wangu alipopata kazi ya ufundi huku, alimwahidi kwa simu kwamba atamletea lori lake mwenyewe, na sisi tutarudi nalo nyumbani moja kwa moja. Akanunua lori kuukuu lenye pampu ya zamani, lisilo na kompyuta, kwa sababu kwetu dizeli ni chafu na mafundi wa kompyuta ni wa kutafuta kwa tochi. Mpaka hapo nilimwona mume mwenye akili. Niliwatambia dada zangu.

Akakodi banda karibu na mfereji, akaanza kuliboresha. Alisema lori la kubeba madini lazima liwe na nguvu, basi akabadilisha nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, na pampu akaifungua itoe zaidi. Lori likatoa moshi mweusi. Akasema mafuta yamezidi hewa. Akaweka turbo kubwa ya kusukuma hewa ndani ya injini, akapandisha bomba la kuvuta hewa mpaka juu ya paa la lori, mbali na vumbi, akafunga machujio mawili ya hewa badala ya moja. Sasa hewa ikawa nyingi, pampu ikaonekana ndogo. Akaishusha tena. Akitoka kwenye mafuta anaingia kwenye hewa, akitoka kwenye hewa anarudi kwenye mafuta, na mimi nafua maovaroli.

Katikati ya hayo baba mkwe akafariki kwa presha. Mume wangu hakwenda kuzika. Alisema hawezi kufika mikono mitupu na lori limebaki kidogo tu. Tulikaa kilio hapa nyumbani, watu wa kanisa wakaja, wakaimba, wakala, wakaondoka. Kesho yake alirudi bandani.

Mwaka huu akasema limekwisha kweli. Siku ya meli kutoka bandari ya Antwerp ikapangwa, nikaacha kazi. Mnajua desturi yetu sisi wa huku: anayerudi nyumbani habebi masufuria, anagawa. Kanisa likatufanyia maombi ya kuaga. Maman mmoja akachukua kitanda, mwingine meza na viti, friji ikaenda kwa familia ya Kivu iliyokuwa ndiyo kwanza imepata nyumba. Tukabaki na godoro na birika.

Wiki ya kuondoka nikampelekea chakula bandani. Injini ilikuwa wazi. Nozeli zote zimetolewa, zimepangwa juu ya kitambaa kama vijiko vya wageni.

"Papa, ni nini tena?" nikamuuliza mume wangu.

"Moteur haipumue muzuri. Vumbi ya kule weye ulishaisahau. Nabadirisha filtre ya hewa, juste filtre, kisha tunaenda."

"Bateau haitatungoja," nikamkumbusha siku ya meli.

"Bon, itakuja ingine."

Fundi mwenzake, tunayemwita Tonton, alikuwapo. Akanivuta kando mlangoni. "Maman, ile camion, ile lori yake, iko tayari tangu zamani. Kila nikimuambia anakasirika. Mi sina tena la kusema."

Nikarudi ndani, nikamuuliza mume wangu waziwazi anaogopa nini. Alifuta mikono, akanijibu.

"Nikifika, batanipeleka wapi kwanza? Kwa baba mudogo. Nitaikala chini, bataniuliza nilikuwa wapi wakati banazika baba. Niseme nini? Nilikuwa natengeneza camion? Alors ile camion, ni nani ataipokea?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto aliyekosa mazishi ya baba yake hasalimii mtu kabla hajaketi chini mbele ya wazee wa ukoo na kueleza. Nilipaswa kulia, au kumkumbatia, au hata kumtupia sahani. Sikusikia kitu chochote moyoni. Nikamwambia ale, wali unapoa.

Meli ikaondoka. Nikienda sokoni watu wananiuliza, "Maman, bado muko?" Najibu bado. Yule aliyechukua kitanda ananikwepa, anadhani nitakidai. Sitakidai. Mimi ndiye ninayeketi chini siku hizi, na hakuna mzee aliyekuja kuniuliza chochote.

Sasa dilema yangu ni hii. Mama yangu mzazi yuko Lubumbashi na macho yake yanafifia. Alinipigia akasema, "Mwanangu, ufike nikiwa bado naona sura yako." Meli nyingine inaondoka wiki ijayo. Nozeli zimerudishwa, injini inawaka, na ufunguo wa pili ninao mimi. Tonton yuko tayari kulifikisha lori Antwerp nikimpa neno, nami nitalitangulia kwa ndege. Lakini nikienda bila mume wangu, mimi mke ndiye nitakayeketi chini mbele ya baba mdogo, nieleze mtoto wao alikuwa wapi na kwa nini hata leo hakuja. Sijui kama mume wangu atanisamehe. Nikibaki, mama atapofuka ananingoja.

Jana mume wangu aliniita nimshikie taa, anataka kuangalia chujio mara ya mwisho. Nikamshikia. Nilifanya hivyo bila hasira, na hilo ndilo linalonitisha.

Ndugu zangu, nishaurini. Nimpe Tonton ufunguo, au niendelee kushika taa?