Kabichi Kwenye Uwanja wa Kikapu

Kinyozi wangu aliniambia kwamba chuo kikishika mkia kwenye mashindano, uwanja wa mpira wa kikapu utalimwa kabichi, nami nikaamini. Sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha. Wembe ulikuwa shingoni mwangu wakati ananieleza, na sijui wewe mwenzangu, lakini mimi sijawahi kubishana na mtu aliyeniwekea wembe shingoni.

"Wameshaamua, profesa," alisema. Aliniita profesa kwa sababu nilikuwa nasoma masomo ya jioni nikiwa tayari na ndevu. "Timu inakwenda, inafungwa, inarudi. Inakwenda, inafungwa, inarudi. Wakubwa wamechoka. Bora kabichi. Kabichi haifungwi."

Watu wa nchi tambarare watacheka hapa. Waje Lushoto kwanza. Huku kwetu ardhi imesimama wima. Mtu anapalilia mahindi kwa mkono mmoja, wa pili amejishikilia asije akaporomoka hadi jikoni kwa jirani. Kiazi kikikuponyoka Magamba, ukikifuata utakikuta Magoma kule bondeni kimeshamenywa. Kwa hiyo mahali bapa ni mali. Akipita mkulima wa Kishambaa akaona kipande bapa kimekaa bila mmea, roho inamuuma kweli, anasimama, anakitazama, anatikisa kichwa. Na uwanja wa chuo ulikuwa bapa kama meza ya karani. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu wazee wakisimama pale pembeni na kutikisa vichwa. Nilidhani wanasikitikia uchezaji wetu.

Ndiyo maana habari ya kabichi iliniingia bila kubisha hodi.

Sasa uelewe uwanja ule ulikuwa nini kwangu. Niliacha shule nilipomaliza la saba, nikawa mpakiaji wa mboga sokoni. Nilipakia kabichi nyingi kiasi kwamba zingepangwa barabarani ungezikanyaga kutoka kwetu mpaka Dar es Salaam bila kugusa lami. Jioni moja nikapita chuoni, nikasikia mpira unadunda, nikaomba kucheza. Mwalimu wa michezo, mama mfupi mwenye sauti ya kuweza kumwita mtu aliyeko kijiji cha Gare bila simu, akanitazama mikono.

"Daftari lako liko wapi?"

"Shikamoo mwalimu. Sina daftari. Mimi nacheza tu."

"Marahaba. Hapa hakuna daftari, hakuna mpira."

Utaratibu wake ulikuwa huo. Watu wa mtaani tulicheza kuanzia saa kumi, halafu jua likianza kushuka kila mmoja aliingia darasani na jasho lake. Nilifuata mpira nikakuta hesabu za aljebra zimenikalia mlangoni. Darasa zima liliingia kwa njia hiyo hiyo: wapakiaji, mafundi, madereva wa bodaboda. Siku ya mvua, mpira usipochezwa, mwalimu wa Kiingereza alifundisha madawati matupu. Siku za mvua hata langu lilikuwa tupu. Na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa unanijia mbio. Nilijijua: uwanja ukilimwa, narudi sokoni, sitoki tena. Sikuwa na haja ya kinyozi kuniambia hilo.

Nisikufiche kwamba katika mapenzi ya mpira wa kikapu mimi nina mkosi. Nina timu yangu Marekani, ya wachezaji wa kulipwa. Niliipenda kwa sababu siku ya kwanza kuiona kwenye televisheni ya kinyozi ilikuwa inaongoza. Nadhani haijaongoza tena tangu siku hiyo. Kila asubuhi nilikuwa napita saluni kuangalia marudio, na kila asubuhi kinyozi alikuwa ananisubiri anacheka.

"Pole na msiba, profesa."

"Wamefungwa?"

"Kaa chini kwanza."

Nimeitazama timu ile kwa muda mrefu, na maoni yangu ni haya: timu mbovu haijulikani mwanzoni. Robo ya kwanza kila mtu ni shujaa. Timu mbovu utaijua robo ya tatu, wanaporudi kutoka mapumziko kama watu walioamshwa usingizini. Mmoja anatupa mpira kutoka mbali, unagonga chuma. Mwenzake badala ya kusogea karibu na yeye anatupa kutoka mbali zaidi, kama vile wanalipwa kwa urefu wa mtupo. Hakuna anayerudi kukaba. Wana madaktari, wana wapishi, wana mtu wa kuwafunga kamba za viatu, lakini hawana mtu wa kurudi kukaba! Na timu yetu ya chuo, yenye mpira mmoja na nusu (ule wa pili ulikuwa unavuja), ilikuwa na ugonjwa uleule. Senta wetu alikuwa mrefu hadi ndege walimkwepa, ila mpira ukija juu aliinama. Niliwahi kumwambia nahodha wetu, mwanachuo mwembamba wa mwaka wa mwisho, kwamba tunafungwa kitaalamu, kwa viwango vya Marekani. Hakucheka.

Kinyozi alikuwa na nadharia yake. Alisema kule Marekani timu mbovu nyingine zinakubali kufungwa makusudi, kwa sababu anayeshika mkia hupewa nafasi nzuri ya kuchagua kijana bora anayetoka vyuoni. Hilo nililikataa katakata. Mtu mzima, na familia yake, afungwe makusudi? Nikamwambia aache uongo. La kabichi ndilo nililoamini.

Basi ikaja wiki ya mechi ya mwisho. Vyuo vingine vilikuwa vimeshatupita. Tulibaki sisi na chuo kimoja cha kule chini, upande wa Korogwe. Atakayefungwa ndiye mkia. Jumatatu nikafika uwanjani nikakuta lundo la samadi limemwagwa nyuma ya ubao wa goli la juu. Samadi safi, ya ng'ombe, bado inatoa moshi. Jumatano nikakuta vigingi vimepigwa kando ya mstari wa chini, na kamba imevutwa kutoka kona mpaka kona, imenyooka kama ya mtu anayepanga matuta. Nimezaliwa katika bustani za mboga. Kamba ya tuta naijua kuliko jina langu.

Nikamfuata mwalimu wa michezo. Mikono nyuma.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Sema haraka, nina kazi."

"Mwalimu, tukifungwa Jumamosi, itakuwaje?"

Akanitazama kama nimeuliza swali la mtihani wa mtu mwingine. "Tukifungwa tumefungwa. Itakuwaje nini?"

"Yaani... huu uwanja."

"Uwanja utashughulikiwa wiki ijayo. Wewe shughulikia aljebra."

Utashughulikiwa! Niliondoka pale. Sikulala vizuri mpaka Jumamosi, na nikilala naota kabichi moja kubwa imekaa katikati ya duara la katikati, inanitazama.

Jumamosi wageni walipanda mlima wakiwa wamevaa makoti kama wanakwenda kuwinda barafu. Tuliwapokea kwa maneno.

"Kaka, vua koti tukuone kama una mikono!"

"Nikivua mtalia nyie!" akajibu mmoja wao, meno yanagongana.

Sisi mashabiki tulikuwa na kazi yetu, na kazi hiyo huikuti mahali pengine duniani. Upande wa chini uwanja unaishia kwenye mteremko usio na uzio. Mpira ukitoka upande huo, unakwenda. Utaufuata bondeni, utapita shamba la maharage na mto, na mechi imesimama. Kwa hiyo mashabiki tunapanga ukuta. Tunasimama bega kwa bega nyuma ya mstari, ukuta wa watu, kuuzuia mpira usishuke. Sharti ni moja tu: huugusi mpaka uvuke mstari. Ukiugusa kabla, refa anawapa wageni, na nyumbani unapitia njia ya msituni. Mimi nilisimama katikati ya ukuta. Kinyozi alifunga saluni akaja kusimama kulia kwangu.

Robo ya kwanza tuliongoza. Ya pili tukaongoza. Kinyozi akaanza kunipigapiga mgongo, nikamwambia subiri, subiri robo ya tatu. Robo ya tatu ikaja, na wageni wakavua makoti. Ah! Wetu wakaanza kutupa kutoka mbali. Mmoja akakosa, mwenzake akakosa kwa fahari zaidi. Mwalimu wa michezo akapiga kelele "Rudini! Rudini mkabe!" mpaka nadhani watu wa Gare walirudi wakakaba. Wetu hawakurudi. Nilikuwa natazama timu yangu ya Marekani ikicheza juu ya udongo wetu, na nyuma ya ubao lundo la samadi linasubiri.

Robo ya nne tuliamka. Kikapu kwa kikapu, bao kwa bao, hakuna aliyepumua. Mwishoni kabisa tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na mpira ulikuwa wetu. Nahodha akaukokota upande wa kushoto, akawavuta walinzi wawili, akamtupia senta aliyesimama peke yake chini ya goli. Peke yake! Mama yangu angefunga pale na kikapu cha karoti kichwani. Senta akainama.

Mpira ukampita mgongoni, ukadunda, ukadunda, ukaanza kubiringika kuja chini. Kwetu. Kwangu.

Uliendelea kupungua mwendo. Mstari wetu ulichorwa kwa majivu, na ule mpira ulikuja ukakaribia yale majivu kana kwamba unasoma. Nahodha alikuwa anakuja mbio amejinyoosha. Angewahi kidogo tu, kama kitu kingeuzuia kwa kupepesa jicho moja.

Kinyozi akaninong'oneza, "Profesa. Mguu. Gusa kidogo na mguu."

"Sigusi."

"Refa yuko kule, haoni. Kabichi hiyo, profesa! Kabichi!"

Kidole gumba changu kilikuwa kimeshanyanyuka ndani ya kiatu. Naapa kilinyanyuka chenyewe. Nikafunga mikono nyuma, nikabana magoti, nikauangalia ule mpira na kuomba usimame. Jirani wa kushoto alikuwa ananing'ang'ania shati. Nahodha akajirusha, mkono wake ukapiga majivu, vumbi likapanda. Mpira ulikuwa umeshavuka. Ukagusa kiatu changu na kutulia pale kama paka.

Filimbi. Wageni wakaurudisha mchezoni, wakaukumbatia, muda ukaisha.

Hakuna aliyenilaumu. Hata kinyozi alikaa chini kwenye nyasi, akasema tu, "Basi." Nahodha alikuja mbele yangu, majivu usoni, akaniuliza, "Ulivuka?" Nikasema, "Ulivuka." Akatikisa kichwa, akaondoka. Wageni waliimba wakashuka mlima, na tuliwasikia mpaka kona ya tatu.

Jumatatu saa kumi nilikwenda uwanjani na daftari langu. Nilikuta wanaume wanne wana majembe na sururu. Mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufi, alikuwa anashika kamba. Sikufikiri. Niliita darasa zima la jioni, wapakiaji, mafundi, bodaboda, tukaenda kukaa chini katikati ya uwanja, tumekunja miguu kama tunangoja chakula cha hitima.

Yule mtu akatusalimia vizuri, kisha akauliza, "Vijana, kuna msiba?"

"Hapa hapalimwi," nikasema.

"Nani kasema tunalima?"

"Iiteni mnavyotaka. Jembe likishuka, litatushukia sisi."

Akawatazama wenzake. Mmoja alianza kukasirika, akasema wamelipwa kwa siku na siku inakwisha; akaja na jembe begani hadi hatua mbili kutoka kwangu. Dereva wa bodaboda wa nyuma yangu akasimama. Mkubwa wao akasema, "Ngojeni, ngojeni, aitwe mwalimu." Lakini mwalimu alikuwa mjini. Tukabaki hivyo, wao wamesimama, sisi tumekaa, jua linashuka na kengele ya darasa ikagongwa bila mtu wa kuingia. Nilijua nikinyanyuka tu, kwisha.

Aliyefika badala ya mwalimu ni mama yangu. Mtu alimkimbilia sokoni kumwambia kwamba mwanawe amezuia watu wasifanye kazi. Alikuja na kitenge chake cha kazi, mikono ina udongo, akawasalimia wale wenye majembe mmoja mmoja, akawauliza habari za nyumbani, za wake, za watoto, za mvua. Hakunitazama mpaka alipomaliza. Mlolongo wa salamu za mama yangu ni mrefu kuliko mechi.

"Unafanya nini chini hapo?"

"Mama, wanataka kupanda kabichi. Tumefungwa, na samadi imeshaletwa, na kamba imeshavutwa."

Mama akaitazama ile kamba. Akainama, akafikicha udongo wa uwanja kwa kidole gumba, haukufikichika. Akaniangalia jinsi anavyoangalia mche ulioota kombo.

"Samadi niliwauzia mimi, ya bustani ya jiko la chuo," akasema. "Hao wanachimba mtaro, mvua isile kona ya uwanja. Kabichi haioti hapa, mwanangu. Mmepakanyaga mno. Inuka uingie darasani."