Maji ya Vibao

Kila nikimenya papai bichi, harufu ya utomvu wake hunirudisha chuoni Kasongo, nyuma ya msikiti.

Asubuhi mwalimu alikuwa akituandikia aya kwenye vibao vyetu kwa wino wa masizi. Jioni aliandika maana yake kwa Kiingereza: mtendee mama yako wema, usiseme uongo. Tukimaliza tuliosha vibao, na maji ya aya tuliyamwaga kwenye shina la mpapai, yasije yakakanyagwa na mtu.

"Mwalimu, na maji ya Kiingereza tumwange wapi?" niliuliza siku moja.

"Pale pale. Si iko neno lile lile?"

Mzee wa msikiti alitukuta tukimwaga. "Unachanganya maneno ya Mungu na ya Wazungu?" Alimfokea mwalimu mbele yetu, akamfukuza. Mwalimu akapanda pikipiki, akaenda kuchimba dhahabu Salamabila. Mpapai ulikatwa siku hiyo hiyo, umejaa matunda.

"Musiguse!" mzee alitukemea. "Hiyo matunda imekunywa Kiingereza."

Yakaoza huku tunayatazama, nasi tuna njaa. Mwaka uliofuata, mzee alimpeleka mwanawe Kampala akajifunze Kiingereza.