Mchoro Aliouchagua Wifi

Bana Kasuba hasamehi. Naanza na hilo ili baadaye tusije tukalaumiana. Ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye rangi isiyotoka chini ya kucha, na hapa Mpatamatu, kwenye hizi nyumba ambazo mgodi ulizijenga zote kwa kipimo kimoja, mtu akitaka samani kuukuu igeuke mpya huelekezwa kwake. Bana kwetu ni mama, na tangu azae binti yake Kasuba hakuna aliyemwita kwa jina jingine, na hata mimi jirani yake silijui lile la utotoni. Kabati lililoliwa na mchwa, meza iliyomwagiwa chai miaka thelathini, vyote huingia uani kwake hoi na kutoka vimevaa maua.

Maua hayo hachori kwa mkono mtupu. Anachukua zile filamu za eksirei ambazo watu huzihifadhi chini ya godoro hata baada ya kupona, anaziloweka kwenye jiki mpaka weusi utoke, kisha anazitoboa kwa wembe, petali kwa petali. Kiolezo kikishalazwa juu ya mbao, anagonga rangi kidogo kidogo kwa kipande cha sponji ya godoro. Siri yote iko kwenye uchache wa rangi. Ukiwa na pupa, rangi inapenya chini ya filamu na ua linaota ndevu.

Anayo kazi ya pili ambayo haina kibao mlangoni. Ni kungwi, au alikuwa kungwi, tutafika huko. Binti akikaribia kuolewa, makungwi humfungia ndani na kumfunda, na ukutani humchorea michoro ya rangi tatu, nyeusi, nyeupe na nyekundu, kila mmoja na jina lake na wimbo wake. Mafunzo yakiisha, kuta hupakwa chokaa na hakuna aliyeona kitu. Wenzake walichora kwa vidole. Yeye, kwa vile mkono wake ulishazoea, aliikatia violezo na kuvificha kwenye bati la biskuti.

Sasa tuje kwa wifi yake, Bana Nkandu. Kapembwa, mume wa Bana Kasuba, alipofariki miaka kumi na moja iliyopita, huyu dada yake alifika siku ya tatu baada ya mazishi akiwa na lori. Bana Kasuba alikuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka, kama ajuavyo kuketi kila mjane, na mjane hasimami kugombania vyombo. Walibeba vitanda, wakabeba friji. Mwisho wakaja kwenye meza ya mninga. Ilikuwa na sahani za waombolezaji, kwa hiyo wifi akazitoa moja moja na kuzipanga sakafuni, kando ya magoti ya mjane, ili meza ipite. Tulikuwepo, tukaangalia tu. Bana Kasuba anasema vitanda na friji alishavisahau. Sahani hajazisahau.

Basi mwaka juzi, wiki tatu kabla ya kicheni pati ya Nkandu, binti wa wifi, ile sherehe ya wanawake kumtunza mwali vyombo, lori likasimama tena getini.

"Hodi hapa! Wifi, bado uko hai?"

"Nikifa utasikia, wifi. Wewe misiba hukosi, tena huja na lori."

Bana Nkandu akacheka kwa sauti. Ni mwanamke mkubwa, mchangamfu, na ukimtukana huku unatabasamu atatabasamu nawe. Vijana wa lori wakashusha meza na kuiweka katikati ya uwanja.

"Hii nataka nimtunze mwanangu," alisema. "Imechoka, lakini mikono yako naijua. Nikiivua kitambaa mbele ya watu, nataka wapige kelele."

Bana Kasuba aliizunguka meza mara moja. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya rangi, buluu juu ya kahawia, lakini karibu na kona alama ya pasi ya mkaa ilikuwa bado imebonyea. Aliichoma yeye mwenyewe wiki aliyobatizwa Kasuba, na Kapembwa alicheka mpaka akakohoa.

"Umeitoa wapi meza hii, wifi?"

"Ndola, soko la Masala. Mitumba. Si unajua jicho langu."

"Mitumba."

"Ya Wazungu waliohama, nafikiri. Mbao zao utazijua tu."

Nilimuuliza baadaye kama angemsamehe siku ile, lau wifi angesema ukweli. Akaniambia, kumsamehe hapana, lakini angeipaka waridi na kumpa mkono wa heri. Angetosheka na maneno mawili: ni yako. Angetosheka hata na ubishi: ni yako, na utafanya nini? Ila kuambiwa mitumba, mbele ya alama ya pasi yake mwenyewe, hapana.

Hata hivyo alimpa nafasi nyingine. Siku ya pili wifi alikuja kukagua, akamkuta anakwangua rangi kwa kipande cha kioo. Mninga ulishaanza kuonekana, mwekundu na mzito. Bana Kasuba akaigeuza meza miguu juu na kumwonyesha mguu mmoja uliounganishwa kwa ukanda wa chuma na skrubu tatu.

"Mguu huu ulivunjika zamani," alisema. "Tazama ulivyoungwa. Aliyeuunga alikuwa na mikono."

Bana Nkandu akainama, akaupapasa ule ukanda wa chuma ambao kaka yake, tumbo moja, aliukata na kuufunga kwa mikono yake.

"Wazungu hao," akasema. "Kwa kazi hawajambo."

Nasema kweli, hata mimi ningechukia.

Ikaja zamu ya mapambo. Bana Kasuba akatandaza violezo vya waridi, vya mizabibu, vya ndege. Wifi akavipiga teke kwa maneno.

"Waridi kila nyumba lipo. Nataka kitu cha kwetu. Watu wajue mwanangu katoka tumbo la mtu aliyefundwa."

Hapo ndipo mkono wa wifi, ambao haujawahi kuona kifuniko ukakiacha, ukafungua bati la biskuti. Akapekua. Akachomoa filamu moja na kuiinua juani. Ilikuwa na pembetatu ndogondogo zilizopeana migongo, na nukta moja kati ya kila mbili.

"Hii! Mbona mnaficha vitu vizuri?"

Kwenye mkondo wa makungwi wetu, mchoro huo unaitwa Ghala la Mwenzio. Mwali huonyeshwa siku ya mwisho, mlango ukiwa umefungwa, ajue watu wanavyomtazama mwanamke anayetia mkono kwenye ghala la mwingine. Hakuna mama aliyefundwa atakayemzawadia bintiye hicho kitu, hata umtishie. Lakini Bana Nkandu aliolewa Lusaka, kanisani, kwa keki ya ghorofa tatu, na hakufundwa hata nusu siku. Miaka thelathini alikuwa anatuambia alifungiwa ndani akachezwa miezi mitatu. Sisi tulinyamaza kwa adabu.

"Unaijua hii, wifi?" Bana Kasuba aliuliza. Msiseme hakuuliza.

"Nisiijue mimi? Mimi niliyekaa ndani miezi mitatu?"

"Inaitwaje?"

"Hayo hayasemwi uani. Makungwi wa siku hizi mmekosa haya kabisa!"

Bana Kasuba akainamisha kichwa. "Nisamehe, wifi. Nitachora hiyo hiyo."

Alifanya kazi siku nane, na hajawahi kufanya kazi safi namna ile. Alipiga msasa mara tatu, wa kukwaruza, wa kati, na ule laini unaobaki mkononi kama unga. Nyufa alizijaza kwa vumbi la mninga lililokandwa na gundi, ili kiraka kisionekane. Uso wa meza akaupaka mweupe. Kisha akalaza filamu katikati, akaibana kwa mawe mawili, akaanza kugonga nyeusi, akasubiri ikauke, akaja na nyekundu. Hakuna hata pembetatu moja iliyoota ndevu. Alikuwa anaimba huku anafanya kazi, kwa furaha mbaya iliyomwenea mpaka vidoleni, nami nilimsikia nikiwa nyumbani kwangu. Alijua pia kwamba mchoro wa ndani hautolewi nje, sembuse kuchorwa kwa rangi ya mafuta isiyofutika kwa chokaa. Nkandu mwenyewe, msichana asiye na kosa, ambaye yeye aliwahi kumbeba mgongoni, alimjia akilini mara moja tu, alipokuwa anapiga vanishi. Akaendelea kupiga vanishi.

Siku ya kicheni pati uwanja wa Bana Nkandu ulijaa vitenge na vilemba. Mwali alikuwa mkekani, amefunikwa kitambaa kichwani, mikono yake tu ikionekana, na pembeni yake alikaa Bana Sampa, kungwi mkuu aliyemfunda, mwanamke wa miaka sabini asiyepandisha sauti. Kila anayetoa zawadi hucheza kwanza. Sufuria zilichezewa, ndoo zilichezewa. Kisha mama mwali akaingia akikata kiuno, jasho linamtoka kwa raha, akazunguka meza iliyofunikwa na kukivuta kitambaa.

Kelele alizozitaka zilianza kwa wasichana, wasioolewa. Halafu ngoma moja ikanyamaza, ikafuata ya pili. Wanawake wakubwa walikuwa wanaitazama meza midomo wazi.

"Mama mwali," alisema Bana Sampa, "nani kachagua mchoro huu?"

"Mimi mwenyewe!" Bana Nkandu akajipiga kifua. "Wifi yangu huyu alitaka kunibandikia waridi, nikamkatalia. Nikamwambia, mimi nimefundwa, usinichezee."

"Vizuri. Basi tuimbie."

"Niimbe nini?"

"Wimbo wake. Kila mchoro una wake, na wewe ulikaa miezi mitatu."

Bana Nkandu akacheka. Akawatazama wapiga ngoma, nao wakatazama ngozi za ngoma zao. Akakohoa, akaanza kupiga makofi, na kilichomtoka kinywani kilikuwa pambio la kwaya, lile wanaloimba Jumapili wakati wa sadaka. Aliimba mistari miwili. Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikapita uwanja mzima.

Bana Sampa hakucheka. Aliuanza wimbo wenyewe, taratibu, na waliofundwa wakaitikia mmoja mmoja mpaka ngoma zikarudi.

*Mkono wa nani ghalani?*
*Mwenyewe yuko msibani.*

Walipofika mstari wa pili, hakuna aliyekuwa anaitazama meza tena. Wengi wetu tulikuwa msibani siku ile, na macho yote yakamgeukia Bana Kasuba aliyekaa safu ya tatu, mikono juu ya mapaja. Bana Nkandu akayafuata macho. Nilimwona akielewa. Uso ulimshuka kuanzia kwenye mashavu.

"Wifi," akasema, "umenifanyia nini?"

"Mimi?" alisema Bana Kasuba. "Mimi nimepaka mitumba yako."

Bana Sampa akamwinamia mwali na kumuuliza kama anaipokea zawadi. Mwali hasemi. Mikono ya Nkandu ikarudi ndani ya kitambaa.

Meza ililala uwanjani juma zima na mvua ikainyeshea. Hakuna aliyetaka kuiingiza ndani, na hakuna aliyekubali kupewa. Mwishowe lile lile lori likaja asubuhi, likaishusha getini kwa Bana Kasuba, likaondoka bila salamu. Akaikokota ndani peke yake na kuirudisha chini ya dirisha, mahali pake pa zamani. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

Jioni hiyo hiyo Bana Sampa alifika. Hakuketi.

"Ulimjua hajafundwa."

"Nilimjua."

"Umetoa ya ndani ukayaanika juani, kwa hasira zako. Nipe bati."

Bana Kasuba akamkabidhi bati la biskuti na violezo vyake vyote. Tangu siku hiyo hajaitwa kumfunda binti wa mtu. Kwenye harusi ya Nkandu hakualikwa. Alivipokea vyote viwili bila kuguna, kwani aliyajua hayo kabla hajafungua kopo la rangi.

Krismasi iliyopita Kasuba alikuja na watoto kutoka Kitwe. Naye amefundwa, tena na mama yake. Alipika, akapakua, akaitazama meza, akatandika mkeka na kupanga sahani zote sakafuni. Mimi nilikuwa nimekaribishwa, na nilikaa mkekani pia, kwa sababu hata mimi siwezi kula juu ya kile kitu.

"Mama," alisema Kasuba, "hicho kitu kipige msasa. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Najua ni kazi ya asubuhi moja."

"Sasa unangoja nini?"

"Aje hapa aseme, wifi, hii ni meza yako. Basi. Siku hiyo hiyo nakifuta."

"Na asipokuja?"

Bana Kasuba aliinama, akaichukua sahani yake kutoka sakafuni, akavuta kiti na kuketi mezani. Akamega nshima, akachovya mchuzi, akala, akiwa ametupa mgongo sisi wote.