Ini la Kaka Yangu

Kwetu Masama, kijana akivimba tumbo na macho yakageuka njano, hakuna anayejisumbua kuuliza sababu. Ni pombe, basi. Kaka yangu hakunywa. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya besi, na mbege, pombe yetu ya ndizi, aliijua kwa kazi tu: mama alikuwa akiipika ya kuuza, na yeye ndiye aliyemenya ndizi na kukoroga mapipa. Harufu ikamganda kwenye mashati. Ongeza na ile mikono yake iliyotetemeka hadi chai ikamwagika, na watu walishatoa hukumu.

Hospitali walimuuliza kama anakunywa. Akasema hapana. Wakamgeukia mama, mama akatazama chini. Vipimo vya homa ya ini havikuonyesha kitu, picha ikaonyesha ini limesinyaa, wakamwambia aache pombe. Aache ipi? Nakasirika mpaka leo. Mama aliuza mapipa yote, na kila jioni akawa anamnusa kaka mdomo, mtu mzima yule. Kaka alikuwa anaufungua bila ubishi. Hilo linaniuma kuliko yote.

Alifariki kabla ya mavuno ya kahawa. Kwenye mazishi, mzee mmoja wa kanisa aliomba nafasi awaonye vijana juu ya ulevi, jeneza likiwa mbele yake. Nasi tukakaa kimya kama watu wastaarabu.

Miaka ikapita. Mwaka juzi mdogo wetu wa mwisho, msichana, akaanza kutetemeka mikono. Sikungoja ushauri wa mtu. Nilimshusha Moshi mjini, mama akang'ang'ania kuja. Daktari alikuwa kijana. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akauliza jambo ambalo hatukuwahi kuulizwa: nani mwingine kwenu aliugua hivi? Akammulika mdogo wangu macho, akaona pete ya kahawia pembeni mwa mboni. Akatutoa damu sote, ikapelekwa mbali kusomwa vinasaba.

Majibu yaliporudi, alituita.

"Mama, zamani ini tulilijua likishaharibika," alisema. "Tulibonyeza tumbo, tukatazama macho. Baadaye tukapata picha, tukaweza hata kutoa kipande tukichunguze. Siku hizi tunasoma vinasaba, yale maelekezo ambayo mtu anazaliwa nayo."

Akatueleza kwamba ugonjwa huu ni wa kurithi. Mama na marehemu baba, wazima wote wawili, kila mmoja alibeba kasoro ileile bila kujua. Mtoto akiipata pande zote mbili, ini lake linashindwa kutoa madini ya shaba yaliyomo kwenye chakula. Yanalundikana, yanaliharibu, yakifika kwenye ubongo mikono inatetemeka. Mimi sina ugonjwa huo. Mdogo wangu anao, ila umewahiwa. Kuna vidonge, atameza maisha yake yote, na ataishi.

Nililia kwa furaha. Mama alikuwa kwingine kabisa.

"Hiyo dawa," aliuliza, "mwanangu wa kiume alipokuwa hai, ilikuwepo?"

Daktari alimgeukia. Nilitamani adanganye.

"Ilikuwepo, mama. Ni ya siku nyingi. Kilichokosekana ni mtu kujua anaumwa nini."

Jumapili mama akatuongoza hadi mbele kanisani na mkungu wa ndizi, kutoa shukrani kama ilivyo desturi. Watu walishasikia kwamba mdogo wangu amepata dawa, wakatabasamu tulipopita. Mchungaji akampa mama kipaza sauti aseme anamshukuru Mungu kwa lipi.

"Mwanangu hakuwa mlevi," mama akasema.

Akarudia kwa Kichagga, kwa sauti kubwa zaidi, akimtazama yule mzee wa kanisa. Kisha akarudisha kipaza sauti na kwenda kukaa. Hakumtaja mdogo wangu kabisa.

Nikageuka nimfuate, nimkumbushe. Mdogo wangu akanivuta nguo.

"Mwache, dada," akaninong'oneza. "Mimi si nipo?"