Ncha Mbili za Mstari

Uwanja ule wa Al Rayyan ulinuka maji yaliyolala. Majani yake yalimwagiliwa kabla ya jua kuchomoza, na tulipofika asubuhi za Ijumaa harufu ilikuwa bado imetanda, imechanganyika na vumbi la barabarani na iliki ya chai ya maziwa aliyoinunua baba njiani na kuinywa taratibu katika kikombe cha karatasi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa tumetoka Tanga miaka miwili nyuma na tulikaa Doha, mtaa wa Al Thumama, katika vyumba viwili ambavyo ndege zilipita juu yavyo chini mno, hata mama akazoea kunyamaza katikati ya maneno, akasubiri, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Baba alikuwa dereva wa mhandisi mmoja Mmarekani tuliyemwita Bwana Walter. Siku moja Bwana Walter aliniona nikipandisha gunia la mchele ngazini peke yangu, akamwambia baba, "Huyu mlete Ijumaa."

Alikuwa amekusanya wasichana wa rika langu kuwafundisha futiboli ya kwao, ile ya mpira uliochongoka ncha mbili. Hatukuangushana. Kila mmoja alifunga vitambaa viwili kiunoni, na mwenye mpira akichomolewa kimoja, mchezo ulisimama hapo. Ila kumzuia mtu kwa kifua na viganja kuliruhusiwa, na hapo ndipo mwili wangu, ambao shuleni niliukunja kila tulipopigwa picha ya darasa, ulipopata kazi. Bwana Walter aliniweka mwishoni mwa mstari wa mbele, upande wa kulia, nafasi waliyoiita tait endi. Mara nyingine nilizuia ili mwenzangu akimbie na mpira nyuma yangu. Mara nyingine nilichomoka ghafla, nikageuka na kuudaka mwenyewe. Nilipomweleza baba garini alicheka sana. "Kumbe una kazi mbili kwa jezi moja," akasema. Nikajiona mtu.

Katikati ya msimu akaja Akinyi. Alikuwa Mkenya, baba yake mlinzi wa hoteli, na alikuja kwa basi, na viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa mrefu kunipita kwa vidole viwili. Alidaka mpira wa kwanza kwa mkono mmoja, bila haraka, kama mtu anayeangua pera. Nilijua palepale kwamba nafasi ni moja na sisi ni wawili. Kwenye mazoezi nilimpa mgongo, na alipokuja kuketi karibu nami penye kivuli cha ukuta, nilijifanya nafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

"Salma, mbona umeninunia?" akauliza.

"Sijanuna."

"Umenuna. Na mimi sitakudanganya, hiyo nafasi naitaka. Lakini sijakuja kukufukuza. Huku sina marafiki, hata mmoja."

Nilinyanyuka nikarudi mazoezini, na hadi leo naona haya kwa hilo.

Ijumaa iliyofuata Bwana Walter alichora mstari vumbini kwa kijiti. Akaniweka ncha ya kulia, Akinyi ncha ya kushoto. Ili tutoshe, alimtoa Hiba, msichana wa Kisudani aliyekimbia pembeni kabisa, ambaye ndiye aliyekuwa na mbio kuliko sote. Hiba aliinamisha kichwa akaenda kukaa. Bwana Walter akatueleza polepole. Nikiwa peke yangu, wapinzani walirundika wenye nguvu upande wangu, kwa kuwa walijua mpira utapita huko. Tukiwa wawili, mstari unalingana pande zote; hawajui upande wa kuulinda, na hawajui kama tutazuia au tutachomoka. Mbio za Hiba tungezikosa, akasema, lakini mashaka ya wapinzani yangetufaa zaidi. "Ila mashaka hayo yapo," akamalizia, akinitazama, "mkizuia kwa moyo uleule mnaodakia."

Moyo huo mimi sikuwa nao. Katika mechi ya kwanza tuliyocheza hivyo, ilipangwa nizuie na Akinyi adake. Nikazuia kwa kuhesabu mbili tu, kisha nikachomoka na kunyoosha mikono, nikitaka niletewe mimi. Msichana niliyemwacha alipita mahali nilipopaswa kuwa, akamchomoa kitambaa mrushaji wetu kabla mpira haujamtoka mkononi. Tulishindwa kwa mguso mmoja, kama waitavyo bao. Hakuna aliyenikaripia. Akinyi alinipa chupa yake ya maji na kusema tu, "Nilikuwa peke yangu kule, walinzi wote walikuwa wameniacha." Garini, tulipokaribia nyumbani, baba akasema, "Mwanangu, leo ulifanya kazi moja tu." Nililia, nikiwa nimegeukia dirishani.

Wiki tatu baadaye tulirudiana na timu ileile. Adhana ya kwanza ya Ijumaa ilikuwa imekaribia na wazazi walikwisha kuanza kukunja mikeka. Tulikuwa nyuma, tumebakiwa na jaribio moja la mwisho, na mpango ulikuwa uleule. Mpira ulipoanza nikamkabili msichana wangu, nikaweka viganja kifuani pake na kukita miguu. Nilihesabu mbili. Nikahesabu tatu, nne. Alinisukuma, jasho likaniingia machoni, majani yakateleza chini ya viatu, nikang'ang'ania. Upande wa pili, Akinyi naye alikuwa amezuia kidogo, kwa hila, hata mlinzi wake akaamini kwamba tunakimbia na mpira, akamwacha. Ndipo akachomoka. Mimi sikumwona akidaka. Nilisikia tu Hiba, aliyekuwa nje ya mstari, akipiga ukelele mmoja mrefu, na yule msichana niliyemzuia akalegea mikononi mwangu. Akinyi alikuja mbio, akapita wote waliotaka kumkumbatia, akanijia mimi. "Ulimshika," akasema, akihema. "Salma, ulimshika."

Sasa nina watoto wawili, na Doha ya sasa ina treni za chini ya ardhi zinazofika kila baada ya dakika chache. Hakuna tena anayehitaji baba mwenye gari la tajiri kumfikisha Al Rayyan. Mimi ni msimamizi wa zamu hotelini. Nimepandishwa cheo mara mbili, nimepigiwa makofi ukumbini, jina langu limewahi kubandikwa ukutani pamoja na picha. Nilivifurahia vyote hivyo, na kila kimoja kiliniishia baada ya siku chache. Kile cha uwanjani hakijaniishia. Nashangaa kwamba katika maisha yangu yote, furaha iliyonikaa muda mrefu kuliko zote ni ya mpira ambao sikuugusa, uliodakwa na mtu niliyetaka aondoke, nami nikiwa nimegeukia upande mwingine.