Netiweki ya Chooni

Muuzaji wa Dar aliniapia kwamba nikiwa na modemu ile dunia nzima itakuja Kibiti. Muongo mkubwa yule. Nikiichomeka kwenye laptopu sebuleni, kitaa chake kinapepesa, na ukurasa mmoja unafunguka polepole mpaka chai inapoa, unaipasha, inapoa tena.

Nisingejali, lakini dada yangu alikuwa amejifungua huko Maskati, mtoto wake wa kwanza, na mama hajamwona mjukuu hata kwa picha. Siku ya arobaini, mtoto anapotolewa nje, dada aliahidi kumwonyesha kwenye kompyuta. Mama akapika pilau kana kwamba mtoto yupo, akajifunga kanga mpya. Kila nikipita ananiuliza, "Baba, kitu chako kimeamka?"

Kiamke wapi. Nikazima, nikawasha, kama walivyoniagiza watu wa huduma kwa wateja. Nikahamia dirishani. Nikaitia modemu kwenye sufuria, nikaitundika juu ya paa kwa waya mrefu. Ikaota jua, ikazidi uvivu. Baba mdogo, aliyekuja kutoka Ruaruke kwa ajili ya pilau, akashauri niipulize, halafu niizabe kofi. Nilitamani kumzaba yeye.

Basi nikaanza kuzunguka ua na laptopu kifuani, natazama vijiti vya netiweki. Barazani kimoja. Kwenye banda la kuku, hamna. Nikaingia chooni, choo chetu cha uani cha makuti, vikajaa vyote. Nikatoka, vikafa. Nikarudi, vikajaa. Na hapo hapo dada akapiga.

Nikamwita mama. Akasimama mlangoni pa choo.

"Huko?"

"Ndiko iliko, mama."

Akatanguliza mguu wa kushoto, kama ilivyo ada. Picha ikaja vipande vipande, halafu yote: mjukuu, mashavu tele, anapiga miayo. Mama akavuta pumzi aseme neno, kisha akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Chooni hatajwi Mungu. Na mtoto mzuri vile, ukimtazama bila kusema mashaallah, utampiga jicho, hata uwe bibi yake. Macho yakamtoka, akageuka, akatimua mbio. Nikamsikia huko uani, mashaallah, mashaallah, mpaka kuku wakatawanyika. Aliporudi, dada alishakata.

Simu yangu ikaita. Dada analia. "Mama kamwona mwanangu, kaziba mdomo, kakimbia. Ana nini mwanangu?"

Mama akaninyang'anya simu. "Hana kitu, mwanangu, mzuri mno. Nilikuwa chooni."

"Mmempokea mwanangu chooni?" Kilio kikaanza upya.

Mama akanirudishia simu. Roho ilimuuma, na yangu ikaniuma nikimtazama na kanga yake mpya. Kisha akamgeukia baba mdogo, aliyekuwa bado na tonge mkononi.

"Shemeji, ukimaliza kula chukua jembe. Choo kinahama."

Kikahama, nyuma ya mkorosho. Shimo la zamani likafukiwa, likashindiliwa, pakatandikwa mkeka, na dada alipopiga tena wanawake wa mtaa mzima walikuwa wamekaa pale, mama katikati. Alisema mashaallah mfululizo, dada hakupata hata pa kuingiza salamu. Baba mdogo peke yake, aliyelifukia lile shimo, alisimama pembeni. Alituambia yeye mtoto anamwona vizuri tu kutoka pale alipo.